Almasi, yakuti, dhahabu tupu, fedha au pembe: kuchagua pete ya uchumba hapa Uganda

Watoto wawili wa kaka zangu walinijia mwezi mmoja na swali moja. Wa kwanza alikuwa na picha tatu kwenye simu: pete ya almasi, pete ya jiwe la buluu, na pete ya dhahabu isiyo na jiwe. "Shangazi, nichukue ipi?" Wa pili, ambaye baba yake alisilimu zamani, alitaka kujua kama pete ni lazima hata kidogo, maana mahari yenyewe bado alikuwa anaitafuta. Wote wawili walibakiwa na wiki chache kabla ya kwenda kukyala, ile ziara ya kwanza kwa akina binti, na wote walikuwa wamechanganywa na bei za madukani.

Hapa Uganda shangazi ndiye ssenga. Mambo ya posa yanapita mikononi mwake, kwa hiyo maswali kama haya nimeyazoea. Niliwaambia jambo moja kabla ya kutazama picha: kila aina ya pete imetoka mahali fulani ikiwa na ujumbe wake, na ukimvisha mtu umeshamwambia ujumbe huo, ujue usijue. Kwa hiyo kwanza ujue unachotaka kusema, ndipo uingie dukani.

Tunapima nini

Cha kwanza ni historia na maana. Cha pili ni mkono wenyewe: mwenye kuvaa anafanya kazi gani? Anayemenya matoke kila jioni, anayefua kwa mkono au anayevaa glavu za hospitali hawezi kuchagua sawa na anayeshinda mbele ya kompyuta. Cha tatu ni mfuko, nami sisemi bei ya siku ya kununua peke yake. Kuna gharama ya kutunza, na kuna kiasi utakachopata siku shida ikikulazimisha kuuza. Cha nne ni uhakika: utajuaje kwamba ulichouziwa ndicho? Cha tano ni wazee, ambao vijana huwasahau mpaka siku yenyewe: pete hiyo wataisomaje?

Kwanza, pete ya uchumba ilitoka wapi

Pete ya uchumba tunayoijua kupitia makanisa ilitoka kwa Warumi wa kale, nayo ilikuwa ya chuma. Pliny Mkubwa, aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika kwamba hata katika zama zake mchumba bado alipelekewa pete ya chuma, tena isiyo na jiwe. Ilikuwa amana, kitu cha kuonyesha kwamba neno limeshatolewa na mtu asirudi nyuma. Waswahili tuna jina la kitu hicho tangu zamani: kishika uchumba.

Mwaka 866 Papa Nicholas wa Kwanza aliwajibu Wabulgaria waliotaka kujua desturi za ndoa za Kanisa la Roma. Aliwaeleza kwamba mwanamume humvisha mchumba wake pete ya uaminifu, kisha humpa mahari waliyokubaliana pamoja na hati yake, mbele ya watu walioalikwa na pande zote mbili, na ndoa yenyewe hufuata baadaye. Nilipousoma mpangilio huo niliona kwanjula mbele yangu, ile sherehe ya binti kumtambulisha mchumba kwao: hema mbili zinazotazamana, wazee wa huku na wa kule, zawadi zinahesabiwa, na pete katikati yao. Mtu akikwambia kwamba pete ni jambo la vijana wawili na siri yao, mwambie kwa mamia ya miaka ilikuwa jambo la mashahidi.

Na kidole cha pete cha mkono wa kushoto? Aulus Gellius, mwandishi Mrumi wa karne ya 2, alisimulia kwamba Wamisri waliamini uko mshipa mwembamba unaotoka kidole hicho moja kwa moja hadi moyoni. Mshipa huo haupo; damu ya vidole vyote hurudi moyoni kwa njia zilezile. Ndiyo maana Waorthodoksi huvisha mkono wa kulia na hakuna kinachoharibika. Ukikuta ukoo wa binti una desturi yake ya mkono, ifuate.

Almasi

*Historia.* Mwaka 1477 Maximilian wa Austria alimpa Mary wa Burgundy pete yenye almasi, na tukio hilo ndilo linalotajwa mara nyingi kama mwanzo. Lakini kwa karibu miaka 400 baada ya hapo almasi ilibaki kuwa ya majumba ya wafalme na matajiri, maana mawe yalikuwa machache. Mambo yaligeuka hapa Afrika. Mwaka 1867 jiwe liliokotwa karibu na Hopetown, Afrika Kusini, kisha yakafuata machimbo ya Kimberley, na mwaka 1888 kampuni ya De Beers ikaundwa. Mawe yakawa mengi kiasi kwamba wasiwasi wa wenye migodi ukawa ni bei kuanguka. Kampuni ikaidhibiti biashara, na mwaka 1938 ikaliendea shirika la matangazo la Marekani, N. W. Ayer. Mwaka 1947 mwandishi wa shirika hilo, Frances Gerety, akatunga maneno yaliyozunguka dunia nzima: almasi ni ya milele. Huko Japani, mwaka 1967 maharusi waliopata pete ya almasi hawakufika 5 kati ya 100. Mwaka 1981 walikuwa kama 60. Na ile kanuni ya kwamba pete igharimu mshahara wa mwezi mmoja au miwili, ambayo vijana wetu huitaja kama amri ya mababu, nayo ilitoka kwenye matangazo.

Hata hivyo, kitu kilichoanza kwa tangazo kinaweza kupata maana ya kweli. Ikiwa binti alikua akiota jiwe hilo, ndoto yake ni ya kweli hata kama mwenye kuipanda alikuwa mfanyabiashara.

*Maana.* Kudumu. Almasi ndiyo ngumu kuliko mawe yote, daraja la 10 kwenye kipimo cha Mohs, kipimo cha ugumu wa mawe. Lakini kutokwaruzika na kutopasuka ni mambo mawili. Ikigongwa vibaya kwenye ukingo hupasuka.

*Mkononi.* Jiwe huinuliwa juu kwa vijino vya chuma ili mwanga uingie chini yake. Mtindo wa vijino sita uliletwa na Tiffany mwaka 1886, na ndio unaoonekana madukani mpaka leo. Sasa mtazame mtu akimenya matoke na pete ya namna hiyo. Utomvu unaingia chini ya jiwe, unakauka, unakuwa mweusi, na baada ya miezi miwili almasi ya bei kali inaonekana kama kipande cha chupa. Maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki laini vinaiponya. Ila vijino hunasa kwenye nguo na hulegea, kwa hiyo sonara avikague angalau mara moja kwa mwaka.

*Mfuko na uhakika.* Ukiuza almasi uliyoinunua dukani, tegemea kupata kidogo sana kuliko ulicholipa. Iweke akilini kama pesa uliyoitoa, usiihesabu kama akiba. Siku hizi kuna pia almasi za maabara, ambazo General Electric ilifaulu kuzitengeneza mwishoni mwa mwaka 1954. Ni almasi kamili, kaboni ileile na ugumu uleule, na jicho haliwezi kuzitofautisha na zilizochimbwa, inahitajika mashine. Bei yake iko chini mno na imeendelea kushuka. Kwa anayehuzunishwa na habari za vita vya Sierra Leone na Angola, vilivyogharamiwa kwa mawe haya hadi dunia ikaanzisha Mpango wa Kimberley wa kuzuia almasi za vita mwaka 2003, jiwe la maabara linaondoa swali hilo.

Lililo baya ni udanganyifu. Rafiki yangu alivaa kwa miaka mitatu pete aliyoambiwa ni almasi. Siku alipoipeleka kupunguzwa, sonara aliitazama kwa kioo cha kukuza, akaona kingo za nyuma za jiwe zinaonekana mbili mbili, akamwambia taratibu kwamba hii ni moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi. Moisanaiti ni jiwe zuri, ugumu wake unapita 9, na mtu akilinunua kwa jina lake hana cha kujutia. Kilichomliza rafiki yangu ni kwamba mume wake naye alikuwa amedanganywa, na alikopa ili ainunue. Dai cheti cha maabara inayotambulika, na umwombe muuzaji akuonyeshe kwa kioo namba ya cheti iliyochorwa kwenye kiuno cha jiwe, ule ukingo mwembamba unaolizunguka, kama ipo. Pasipo cheti, lipa bei ya kioo.

*Wazee.* Wengi hawataiona. Kutoka hema la pili jiwe dogo halionekani, na hawatauliza karati, yaani uzito wa jiwe.

*Inamfaa nani.* Binti anayeipenda yeye mwenyewe, mwenye kazi isiyochakaza mikono, na mchumba anayeweza kuilipia bila deni.

Jiwe la rangi

*Historia.* Almasi haikuwa peke yake hata huko Ulaya. Mwaka 1839 Albert alimpa Malkia Victoria pete ya nyoka yenye zumaridi, nyoka akiwa ishara ya mapenzi yasiyo na mwisho. Mwaka 1981 Diana alichagua yakuti ya buluu kutoka Sri Lanka, na mwaka 2010 mwanawe William alimvisha Catherine pete hiyohiyo walipokuwa safarini Kenya, jirani zetu hapa.

Afrika Mashariki nayo ina mawe yake. Tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967 kwenye vilima vya Mererani, karibu na Arusha, na mpaka leo haijapatikana kibiashara mahali pengine duniani. Tsavoraiti, ya kijani, ilipewa jina la mbuga ya Tsavo, Kenya. Kwa mtu wa Kampala anayetaka jiwe la nyumbani, haya ndiyo ya jirani.

*Maana.* Yakuti ya buluu kwa muda mrefu imehusishwa na uaminifu. Zaidi ya hapo rangi hupewa maana na wenye kuivaa: rangi ya ziwa mlikokutana, rangi ya gomesi ya mama, lile vazi la heshima la wanawake wa hapa.

*Mkononi.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Vumbi letu jekundu, lile linaloingia madirishani na linalompaka mtu wa boda hadi kwenye kope, limejaa chembe za mchanga wa kwatsi. Ugumu wa kwatsi ni 7. Jiwe lolote lililo chini ya hapo litakwaruzwa polepole kila unapolifuta vumbi kwa nguo. Tanzanaiti iko kati ya 6 na 7, tena hupasuka ikigongwa au ikipata joto na baridi kwa ghafla. Yakuti, nyekundu au buluu, iko 9, na vumbi la Kampala haliiwezi. Tsavoraiti iko mpakani, juu kidogo ya 7. Zumaridi ni ngumu kiasi lakini kwa kawaida ina nyufa za ndani na hupakwa mafuta kuzificha, hivyo sabuni kali na maji ya moto huiharibu.

Kwa hiyo ukiipenda tanzanaiti, mwambie sonara aizungushie ukingo wa chuma kuizunguka yote badala ya vijino, na mwenye kuivaa aivue akienda jikoni au shambani. Ukitaka ya kuvaa usiku na mchana, chukua yakuti.

*Mfuko na uhakika.* Bei hupishana sana kwa rangi na ukubwa, na mawe mengi hupashwa moto ili rangi ikolee. Hilo ni la kawaida katika biashara, mradi muuzaji akuambie. Cheti kinahitajika hapa pia.

*Wazee.* Rangi huonekana kutoka mbali, na wanawake wa ukoo wataizungumzia. Mara nyingi huwa ni sifa.

*Inamfaa nani.* Wanaotaka pete yenye hadithi yao, wasiotaka kufanana na wengine.

Dhahabu tupu, bila jiwe

*Historia.* Hii ndiyo iliyo karibu zaidi na ile ya Warumi: duara, basi. Ulaya ya zamani iliipamba kwa maneno machache yaliyochongwa ndani, au kwa mikono miwili iliyoshikana. Kuchonga maneno ni jambo ambalo sonara wengi wa Kampala wanaliweza hata leo, nami nalipenda kuliko jiwe lolote. Tarehe ya kukyala na majina mawili, upande unaogusa ngozi, watu wasipoyaona.

*Maana.* Duara halina mwanzo wala mwisho. Na dhahabu haishiki kutu. Kuna jambo jingine la kwetu: dhahabu inachimbwa hapahapa, Busia, Mubende, Karamoja, na katika miaka ya karibuni imeongoza bidhaa zinazouzwa nje ya Uganda kwa thamani. Ni vema ujue pia kwamba wachimbaji wadogo wengi huikamata kwa zebaki, sumu inayobaki mikononi mwao na majini. Ukipata muuzaji anayeweza kukwambia dhahabu yake ilitoka wapi, huyo anastahili fedha yako.

*Mkononi.* Hakuna cha kunasa, hakuna cha kudondoka. Karati ya dhahabu ni kipimo cha usafi, si uzito kama ya almasi; dhahabu safi ya karati 24 ni laini mno kwa pete, ndiyo maana huchanganywa. Karati 22 huwa na muhuri 916, karati 18 ni 750, karati 14 ni 585, karati 9 ni 375. Namba hizo ni sehemu za dhahabu katika 1000. Kwa mkono wa kazi chagua 18 au 14. Pete ya marehemu mama yangu, aliyelima na kufua miaka yote, ilikuwa nene upande wa juu, lakini upande wa kiganja ilikuwa imelika ikawa nyembamba kama waya. Tulipoipeleka, sonara aliongeza kipande cha dhahabu hapo palipolika, akaunga, akasugua, na leo dada yangu anaivaa. Pete ya dhahabu inatibika.

*Mfuko na uhakika.* Kati ya zote, hii ndiyo inayohifadhi thamani vizuri zaidi, kwa sababu hununuliwa na kuuzwa kwa uzito. Uhakika wake nao unaonekana kwa macho. Sonara mmoja mzee alinionyesha: alisugua pete kwenye jiwe jeusi hadi ikaacha mstari wa njano, kando yake akasugua kipande cha shaba iliyong'arishwa, mistari miwili ikafanana kabisa. Kisha akadondosha tone moja la asidi juu ya yote miwili. Mstari wa shaba ulitoa povu la kijani ukapotea. Wa dhahabu ulibaki pale pale kama alama ya kalamu. Jaribio hilo halichukui hata dakika moja. Muuzaji anayekataa kulifanya mbele yako, muage.

*Wazee.* Inaeleweka kwa kila mtu, Bukoto hadi Arua.

*Inamfaa nani.* Wenye mikono ya kazi, wanaotaka thamani isiyopotea, na wanaopanga pete moja itumike uchumba na ndoa. Inamkwaza anayetaka watu wamtambue kuwa mchumba, maana wageni watadhani ameshaolewa.

Fedha

*Historia na maana.* Kwa Waislamu pete hii ina uzito wa pekee. Mtume Muhammad (S.A.W.) alivaa pete ya fedha. Dhahabu imeharamishwa kwa wanaume na kuruhusiwa kwa wanawake, kwa hiyo mume anayetaka pete inayofanana na ya mkewe huenda kwenye fedha. Na kuna hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu masikini aliyetaka kuoa, akaambiwa atafute mahari hata ikiwa pete ya chuma. Hakuipata, na mwishoni akaozeshwa kwa Kurani aliyoihifadhi. Nilimsimulia huyo mtoto wa kaka yangu aliyekuwa na hofu ya mahari, na nilimwona mabega yakishuka.

Akumbuke tu kwamba pete ya uchumba si nguzo ya nikahi, na haiingii ndani ya mahari ila wahusika wakubaliane hivyo. Na kwa kuwa wachumba bado hawajahalalishiwa kugusana, familia nyingi humwachia mama au dada wa mwanamume amvishe binti pete.

*Mkononi.* Muhuri wa 925 maana yake sehemu 925 za fedha katika 1000, na zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Ni laini kuliko dhahabu ya karati 14, inapinda, na inakuwa nyeusi kwa hewa, jasho na vyakula kama mayai na vitunguu. Weusi hutoka kwa kitambaa laini. Jiwe la akiki linakaa nayo vizuri, lina ugumu karibu na 7, na ni la asili katika pete za Waislamu.

*Mfuko na uhakika.* Nafuu kuliko zote zilizotajwa juu. Sonara anaijaribu kwa asidi kama dhahabu. Ukiiuza hupati kitu cha maana.

*Wazee.* Katika nyumba ya Kiislamu hakuna neno. Katika nyumba nyingine, huenda mtu akanong'ona kwamba ni ya bei ndogo. Ssenga aende mapema akaeleze, na mnong'ono utaisha.

*Inamfaa nani.* Mwanamume Mwislamu, wanaoanza maisha, na wanaopanga kubadilisha baadaye bila kujuta.

Pembe ya ng'ombe wa Ankole

Pembe zile ndefu za ng'ombe wa magharibi huchongwa kuwa bangili, vifungo na pete, na utazikuta kwenye masoko ya sanaa ya Kampala. *Historia* yake kama pete ya uchumba ni changa, lakini ng'ombe mwenyewe yumo katika ndoa za Ankole tangu enzi na enzi: hutolewa mahari, na siku ya kuhingira, sherehe ya kumwaga binti, hutajwa kwa rangi zao kama watu wanavyotajwa kwa majina. *Maana* yake kwa hiyo haihitaji maelezo. Mzee wa Mbarara akiishika pete ya pembe yenye michirizi ya kahawia na maziwa, atatabasamu kabla hujafungua mdomo.

*Mkononi* ni dhaifu. Pembe ni kama kucha: ikikaa majini hulainika, ikikaa juani hukauka na kupasuka, na haiwezi kupanuliwa wala kupunguzwa. Tone la mafuta ya kupikia mara kwa mara huisaidia. *Mfuko* hautaumia, na *uhakika* si tatizo, ingawa plastiki iliyotiwa rangi ipo. Pembe halisi ikisuguliwa sana hutoa harufu ya nywele zilizoungua. *Inamfaa* anayetaka ishara ya kwao sasa na dhahabu siku ya kanisani, au mwenye kuweza kuifanya mshipi mwembamba ndani ya pete ya chuma.

Na asiyetaka pete kabisa?

Yupo, na ana haki yake. Sheria za ndoa za Uganda, ziwe za kanisa, za serikali, za Kiislamu, za Kihindu au za kimila, hazikuulizi pete ya uchumba. Buganda walifunga udugu kwa kugawana buni za kahawa, na hakuna aliyesema ahadi hiyo ni nyepesi. Kanzu ya baba mkwe, gomesi ya ssenga, jogoo wa muko, yaani kaka wa binti, yote ni maneno yanayosikika. Asiyetoa pete ahakikishe tu kwamba binti mwenyewe ameridhia, kwa kuulizwa faraghani, asidhaniwe.

Na kwa kuwa zawadi na bei huchanganywa: mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na shirika la Mifumi, kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha Katiba. Pete nayo naitazama kwa jicho hilo. Usimvishe mtu kitu ambacho moyoni unakihesabu kama mkopo.

Kwa hali yako

Ikiwa mna bajeti ndogo na harusi ina vikao vya michango, usiingize pete kwenye hesabu ya kamati. Nunua fedha au dhahabu nyembamba ya karati 9 kwa pesa yako mwenyewe, chonga tarehe ndani, basi.

Ikiwa mchumba ni muuguzi, mpishi, fundi au mkulima: dhahabu tupu, au yakuti iliyozamishwa ndani ya pete isiyo na vijino. Jiwe lililoinuliwa litachana glavu na kubeba uchafu.

Ikiwa binti ameshakuonyesha almasi anayoipenda na uwezo unao, mnunulie. Uliza habari za ya maabara bila aibu, na mwambie ukweli ni ipi uliyochukua.

Ikiwa mmoja ni Mwislamu na mwingine Mkristo, kama ilivyo katika koo nyingi za kwetu, kaeni na wazee wa pande zote kabla ya kununua. Mara nyingi dhahabu kwa mke na fedha kwa mume huwatosha wote.

Ikiwa unaishi nje na unarudi likizo kwa wiki mbili, pete ya kushtukiza hotelini mbele ya simu zinazorekodi inavutia, lakini mpigie ssenga kwanza. Nimeona baba akikataa kupokea wageni kwa sababu aliiona pete ya binti yake kwenye WhatsApp kabla hajaletewa barua.

Ikiwa kuna pete ya bibi au mama sandukuni, ipeleke kwa sonara apime dhahabu yake na aangalie palipolika, kisha muulize mchumba kama angependa kuivaa. Akisita, iache sandukuni na umtafutie yake.

Na kwa yeyote: pima kidole jioni, kwa sababu asubuhi ya baridi kidole husinyaa na pete itakubana ifikapo saa tisa. Funga uzi, kata unapokutana, mpelekee sonara. Mtoto wa kaka yangu, yule wa picha tatu, aliiba kipimo kwa uzi wa gomesi wakati binti amelala kwenye basi la Jinja. Alichukua dhahabu tupu ya karati 18. Ndani yake imechongwa jina la kituo walichokuwa wanateremka.